Nijifunge, Nijifungue

Saa nane za usiku, nyumba ya wazee, Dundee.
Effie Geddes wa chumba cha sita nimeshampima,
nimeandika, nimemfungua mkanda,
na mkanda ungali na joto la mkono wake
nikaufunga kwenye wangu. Mchezo tu.
Kwa kuwa kiti kilikuwa karibu,
kwa kuwa tangu Jumanne viatu sivifungi kamba,
na pete nimeitoa kwa sabuni.

Mashine ikavuta pumzi, ikanibana,
ikahema, ikahema,
ikasema mia na sitini na nane juu,
mia na kumi na mbili chini.

Nikahamia mkono wa kushoto.
Mashine haijui kubembeleza.

Semeni, dada yangu,
wewe mkono wako haukufungwa na mtu.
Korogwe ile ulishika kichwa siku tatu,
ukasema ni jua,
ukasema ni moshi wa kuni,
ukasema utalala ukimaliza kufua.
Ulipoona vimulimuli mchana kweupe
shangazi akatia ubani chetezoni.
Ulipokakamaa, tukasema umepandwa.
Jina lako Semeni, na hatukusema:
kifafa cha mimba.
Neno lilikuwepo, limebandikwa kliniki ukutani,
kona moja imeliwa na mchwa,
bodaboda buku moja kutoka mlangoni petu.

Mimi nami nilikuwa nikifungasha vitu vyangu
nimalizie zamu.
Effie, ambaye hajui mwaka huu ni upi,
ambaye huniita kwa jina la dada yake,
akafumbua jicho moja, akaitazama ile namba,
akanyoosha mkono kwenye kamba nyekundu
iliyowekwa kwa ajili yake
akaivuta kwa ajili yangu.

Hospitali. Mvua ya ubavuni.
Mkunga Catriona, mikono baridi, sauti ya kawaida:
Kichwa? Kidogo.
Macho? Mazima.
Macho, akarudia, na kalamu hakuiinua.
...Vinyota. Kama kuchungulia kwenye maji ya sabuni.
Hapa, chini ya mbavu?
Kwenye chembe cha moyo, ndiyo; nilidhani ni pilipili.

Niko sawa: nililivaa neno hilo nchi hii
kama nilivyovaa koti, hata ndani ya nyumba.
Mficha uchi hazai, alisema bibi,
nami nikidhani anazungumzia nguo.

Akachovya kijiti kwenye mkojo wangu.
Kilikuwa cha njano. Kikawa kijani.
Akaacha kuwa na sauti ya kawaida.

Dawa ya mshipani iliingia na moto wake
ikanipanda shingoni, masikioni.
Asubuhi walimtoa Hatibu, kilo moja na nusu,
wiki saba kabla ya zamu yake,
ngozi kama ganda la kitunguu,
na hasira ya mtu aliyeamshwa bure.

Leo ana miaka minne, anaficha rimoti.

Na mimi nina mwingine, wiki ya ishirini na sita.
Tangu ya kumi na mbili daktari kaniandikia aspirini,
kila usiku, baada ya kupiga mswaki.
Kila asubuhi nakaa, mgongo kitini,
nyayo zote mbili sakafuni, sizungumzi dakika tano,
na kwangu mimi hiyo ndiyo dawa chungu.
Mume wangu Kihiyo anaandika kwenye friji
kama matokeo ya ligi:
mia na ishirini na sita kwa sabini na tisa, tunaongoza.
Siku ya mia na arubaini na nne hakutania.
Alikuwa ameshashika funguo za gari.

Kwetu kuzaa ni kujifungua.
Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya hapo
mtu hujifunga:
mkono huu, kila siku, mkanda huu wa kijivu,
unabana mpaka damu inagonga mlango,
kisha unalegea, taratibu, ukipumua.

Kihiyo anataka, akiwa msichana, tumpe jina lako.
Nimemwambia ngoja.
Nimemwambia nyamaza kwanza, napima.