Kiini Kimoja, Wapangaji Arobaini na Mmoja

Saa tisa na dakika kumi usiku, Kajaani.
Nje theluji imefika kwenye vitasa vya milango.
Ndani ya ukumbi ambamo baba yangu alikuwa akiviringisha karatasi
seva zinavuma, nami nahesabu wapangaji:
arobaini na mmoja, mashine moja.

Kila mmoja anadhani nyumba ni yake.
Uliza mchakato wake wa kwanza, "Wewe nani?"
Atajibu, "Namba moja,"
na jirani, nyuma ya ukuta usio na tofali, naye namba moja,
hakuna hata mmoja aliyezaliwa wa pili.
Mimi ninayewatazama kutoka nje
naziona namba zao halisi: elfu nane mia mbili na tatu,
elfu nane mia mbili na kumi na tisa.
Siwaambii.

Hawakuja na kiini chao. Hilo watu hawalielewi.
Mjomba Veikko aliniuliza, "Kwa hiyo kila kontena
lina kompyuta yake tumboni?"
Nikasema la. Ni kama jengo letu la Kettukatu:
milango kumi na minane, boila moja chini,
sauna moja, na orodha ya zamu imebanwa kwa pini:
Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Moilanen; saa moja, Karppinen.
Kila mtu ana ufunguo wake na pazia lake,
lakini mabomba ni yaleyale,
na Karppinen akiamua kuoga nusu saa
mimi nasuuza povu kwa maji ya barafu.

Alicheka. Kisha: "Na boila likizima?"
Nikamwongezea kahawa.

Chini kabisa kuna matabaka yaliyofungwa,
hayaandikwi, yanasomwa tu;
maktaba moja, wasomaji kadhaa,
kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba vitabu ni vyake.
Anayetaka kubadili hata herufi
hunakili kwanza, huiweka nakala juu,
kwenye tabaka lake jembamba kama utando wa maziwa,
akaandika hapo.
Akiondolewa, utando unaenguliwa.
Husalia yale tu aliyoyapeleka diski ya nje,
ambayo haimjui wala haimlilii.

Lakini usiku huu shida ni kumbukumbu.
Kuna kidogo kimoja, kihesabu magogo cha kampuni ya mbao,
kijana wa Oulu alikiandika mbiombio kabla ya likizo;
kinaomba, kinapewa, hakirudishi.
Haba na haba hujaza kibaba,
na hakuna aliyeuliza kibaba ni cha nani.
Zimebaki gigabaiti tatu.
Mbili.
Naandika amri, herufi zinachelewa kutokea,
na kiini kikafanya kazi yake:
hakikuuliza nani alianza,
kilipima uzito, kikachagua mnene kuliko wote,
hifadhidata ya miadi ya daktari wa meno wa Sotkamo,
miaka mitano haijakosa kujibu,
iliyokuwa inakula haki yake.
Kikaizima. Mstari mmoja kwenye kumbukumbu za matukio,
hauna hata samahani.

Kihesabu magogo kilipata nafasi.
Kikaendelea kuomba.

Sikilaumu kiini. Kulikuwa na mstari wa kuandikwa,
*usizidi hapa*, mfupi kuliko jina langu.
Tangu Novemba nasema kesho.

Sasa nimeuandika.
Hifadhidata imeamka, imesoma diski yake,
imekumbuka kila jino, kila Jumanne,
isipokuwa ombi moja: mtu aliyekuwa macho saa tisa usiku,
kwa maumivu bila shaka,
akabonyeza, akasubiri,
na neno lake likawa bado halijafika diskini.

Sijui jina lake.
Kumekucha Ijumaa.
Zamu yangu ya sauna ni jioni hii. Nitaoga haraka.