Tone la Kuonja

Shangazi Ayikoru huuza asali sokoni Arua:
ndoo ya bluu, kifuniko cha sufuria, kijiko cha bati.
Ukisimama, hasemi neno.
Anakudondoshea tone moja kiganjani
kisha anatazama pembeni, kama mtu asiye na haja na fedha yako.
Ulimi wako ndio utakaobishana na mfuko.

Mimi niliandika kurasa tatu juu yake,
moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, mizinga ya magogo,
usiku anaopanda amevaa koti la marehemu mumewe.
Nikazituma mtandaoni kavukavu, bila picha.
Wasomaji sita.
Mmoja wao mimi, nikihakiki nukta.

Basi nikajifunza picha.
Nikaweka Mlima Wati umejitanda ukungu:
mioyo mia mbili na hamsini!
Wakapenda, wakapita,
kama abiria wa boda anayekupungia mkono.
Salamu nimepokea, lakini hakushuka.

Nikaweka sega zima kwenye sahani nyeupe,
mwanga wa asubuhi, nta inang'aa.
Shangazi akaishika simu, akaisogeza mbali na macho.
"Umewapa ndoo nzima," akasema.
"Sasa watafuata nini?"

Siku ya tatu nikapiga kidole chake tu.
Gumba, limevimba, mwiba wa nyuki bado umo,
na juu yake tone
limeng'ang'ania, halijaamua kuanguka.
Uso nikaukata.
Chini nikaandika: Aliumwa mara kumi na moja.
Kwa nini alirudi kupanda?
Kifurushi cha elfu moja kikaishia hapohapo, na chaji nayo.

Kwa Adriko mwenye sola, shilingi mia tano,
nikasubiri kati ya simu za watu
zilizolala zimebanana kama vifaranga.
Yangu ilipoamka, watu mia nne na kumi na wawili
walikuwa wamefuata kidole mpaka kwenye maneno.

"Wamenunua?" shangazi akauliza.
"Wamesoma."
Akafunika ndoo.
"Mia nne! Na umewakalisha wapi?"

Sikuwa na jibu. Wengi, najua, hawakukaa,
walionja, wakajifuta, wakaenda zao.
Lakini karibu saa sita usiku mtu wa Maracha,
Onzima fulani, aliniandikia kwa hasira:
ule mzinga wa aya ya mwisho, ule wa juu ya mkwaju,
haukuwa wa mume wa shangazi yako.
Ni wa baba yangu. Uliazimwa mwaka wa njaa
na hadi leo haujarudi.

Nikausoma ujumbe mara mbili,
nikicheka peke yangu gizani.
Aya ya mwisho!
Kuna mtu amefika aya ya mwisho.

Habari ya mzinga nitampa shangazi kesho,
akishauza, akishakula.
Leo niacheni kwanza nilambe kidole.