Hatua Tisa kutoka Ukutani

Niliziokota kwenye chujio la uji wa ukwaju,
mbegu nne, zimeng'aa kama vifungo vya koti,
nikazilowesha usiku kucha katika kikombe kisicho na mkono.
Mbili ziliota. Moja ilikwenda na mchwa.

Lemanya alitaka mwashoki: "Wima, nadhifu,
kama ule wa ofisini."
Alikuwa na picha kwenye simu
na bei ya vitofali vya kutandaza uani.
Nikamwambia, huo ni askari wa getini,
hata mwenyewe umemuunguza utosi.
Nikapima hatua tisa kutoka ukutani,
upande wa magharibi, mbali na shimo la choo,
maana jua la Nzuguni saa tisa alasiri
halipigi hodi.

Mwaka wa kwanza, kijiti
chenye majani ya kuhesabika.
Mwaka wa pili mbuzi wa Mama Nyemo
akayahesabu kwa meno.
Sikusema neno. Nilikata miiba ya mkungugu,
nikauzungushia boma, kama ndama.

Maji yalikuja kwa zamu, Jumanne, pengine Ijumaa.
Mti ulikunywa wa mwisho:
yalikwisha osha mboga, yakaosha miguu ya watoto,
yakaufikia na rangi ya udongo.
Mei hadi Novemba mbingu haikudondosha kitu.
Upepo wa Agosti uliulaza; ukainuka umepinda.
"Mgonjwa wako anaendeleaje?" Lemanya akipita.

Chini, tusikokuona, ulikuwa unachimba.

Mwaka wa tano ulinifika begani.
Mwaka wa nane kivuli kilitosha beseni moja
na mtu mmoja anayefua.
Magharibi ikiingia hufumba majani, mawili mawili,
nasi tumezoea kushusha sauti.

Leo una miaka ishirini na mmoja.
Lemanya huegesha pikipiki pale,
huisogeza, huisogeza tena, akikifuata kivuli,
na habari za mwashoki hazitaji.

Nilipima alasiri. Asubuhi sikuipima.
Jua likichomoza, kivuli huruka ukuta wa nyuma
kikalala kwa Mama Nyemo,
naye hutandika mkeka, akapepeta mtama wake,
pembeni mbuzi, kitukuu cha yule mwizi,
anacheua macho nusu.

Ukwaju unaoangukia kwake
hunirudishia nusu, ndani ya bakuli la bluu.
Nusu nyingine siulizi.