Kikatiti, Betri Imekata

Betri ilikata saa nne na robo.
Kioo kikapepesa namba mara mbili, themanini na moja,
sijui ya nani, kikafumba.
Chaja iko Usa River, kwenye droo ya Sajini Nnko,
na Sajini Nnko yuko msibani Akheri.
Nikabaki chini ya kibao cha hamsini
na tochi isiyomulika kitu.

Wengi hudhani tochi inapiga picha ya dhambi.
Siyo. Kwanza inauliza.
Inatupa mwanga usioonekana, vipande mamia kabla hujapepesa jicho,
na kuhesabu kila kimoja kimekawia kiasi gani kurudi.
Cha kwanza kimetoka mbali, cha pili karibu kidogo,
cha tatu karibu zaidi:
huko kusogea ndiko mwendo wako.

Ile ya zamani, tuliyofundishiwa chuoni Moshi, ilikuwa ya mawimbi.
Ilisikiliza kama wewe unavyosikiliza honi ya basi:
likija inalia nyembamba, likikupita inashuka,
nzito, kama mtu aliyekata tamaa ya kukuita.

Na nikisimama kando mno ya lami
mashine humwonea dereva huruma, humpunguzia.
Haijawahi kumwongezea mtu kwa sababu mimi nimekaa vibaya.
Huwa nawaambia. Hawaniamini.

Wao nao wana elimu yao.
Kaaya wa Canter ya ndizi ametundika sidii tatu za kwaya kiooni,
ati mwanga ukizigonga unapotea njia.
Haupotei, mzee. Unagonga kibati cha namba, unarudi na jibu,
kwaya inabembea tu.
Yule wa Prado alinunua king'amuzi cha Dubai, laki nane,
kinalia pii! mwanga ukishafika:
kukabidhiwa mwavuli umeshalowa.
Wengine hupaka tope kwenye namba, Septemba.
Tope la Septemba! Wilaya nzima vumbi.
Hapo sihitaji mashine.

Dawa inayowafaa ni moja, na haiuzwi.
Taa. Mbili za haraka, mchana kweupe,
kutoka kwa mtu usiyemjua wala hutamjua,
kisha kiganja dirishani kikikandamiza hewa:
taratibu, wapo.
Huo nao ni mwanga, na huo unanishinda.

Basi nikainua plastiki yangu.
Nikafumba jicho la kushoto, kama siku zote.
Lori la saruji likainamisha pua.
Noah ikakohoa gia.
Basi la Tanga likanipita kama bibi harusi.
Habari zilishafika kila upande: yuko, yule mama mwembamba, yuko.
Sikuandika faini hata moja.
Jioni Mkuu ataniuliza elfu thelathini ngapi leo,
na sijui nitajibu nini.

Saa saba darasa la pili wakatoka, soksi zimeshuka.
Mmoja akaikimbiza kofia yake, upepo ukaivusha,
naye akavuka nayo bila kutazama.
Canter ya ndizi ilikuwa inakuja.
Sidii zikaruka mbele, zikarudi, zikatulia.
Kati ya bampa na mtoto, hatua nne.
Nilizipima baadaye kwa buti zangu.

Kaaya akatoa kichwa.
"Afande Ndeanasia, umenipiga ngapi?"
Nikatazama kioo cheusi. Nikauona uso wangu, na kipande cha wingu.
"Arobaini na nane."
"Nilijua," akasema. "Waliniwashia pale Maji ya Chai."

Akaondoka.
Kabla ya kona mkono wake ukatoka dirishani,
ukaikandamiza hewa
kwa ajili ya mtu anayekuja huku.

Nami nikainua tena tochi,
nisimfanye mwongo.