Sababu ya Safari

Daftari lilikuwa chini ya debe la mbegu,
pembe zake zimeliwa na panya,
mwandiko wa baba umeinamia kulia
kama migomba ya Tukuyu baada ya upepo.
"Safari. Juni, themanini na nne."
Chini yake, mstari wa rula, kisha
Isyonje, Uyole, Igawa, Makambako,
Njombe, Lukumburu, Songea,
Namtumbo, Tunduru,
na Masasi, aliyoizungushia duara.

Sikujua kwamba baba aliwahi kuitaka Masasi.

Nimeketi na daftari lake na langu,
mvua juu ya bati.
Huku kwetu mvua si habari, ni jirani.

Yeye ameandika: mipira ya ndani, miwili.
Gundi. Msasa. Pampu ya Mwambipile, irudishwe.
Petroli: kuomba kibali wilayani.
Sukari nusu kilo ya mwenyeji wa Tunduru,
maana hufiki kwa mtu mikono mitupu
na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mimi naandika: tyubu, mbili.
Plagi. Spoku kumi. Chaja.
Fundi Gwakisa wa Uyole kasema nibadili mnyororo
na nisiende na breki hizi Lukumburu:
"Pale, dada, usimwachie Mungu kazi ya fundi."

Yeye: Songea hadi Tunduru, siku tatu.
Mchanga ukikataa, tano.
Mimi: saa nne. Lami.
Nimeandika "lami" nikaona haya,
kama mtu aliyefika karamuni
akala sahani ya aliyelala akiisubiri.

Ukurasa wa mwisho ameandika "Sababu ya safari",
nukta mbili,
halafu weupe mtupu.

Nami wananiuliza. Kiwandani, kwenye mizani ya chai,
magunia ya majani mabichi yakilowesha viatu vyangu:
Kuna msiba? Hapana.
Harusi? Hapana.
Unafuata korosho?
Unafuata mume?
Hilo la mume Anyandwile aliliuliza mara mbili.
Mwanamke wa miaka arobaini na moja
hawashi pikipiki kilomita elfu moja
bila maiti au mahari mbele yake.
Fomu ya likizo nayo inataka sababu.
Nikajaza "familia", nikageuza karatasi upesi.

Jioni nikampelekea mama daftari.
Alikuwa anachambua maharage. Hakulishika;
alilisoma likiwa mikononi mwangu,
akinung'unika majina ya miji kama anayehesabu wajukuu.
"Kibali hakikutoka," akasema.
"Mwaka ule hata gari la wagonjwa lilisukumwa.
Halafu ukaja wewe."

"Masasi alikuwa na nani?"

"Hana mtu."
Akatupa punje mbovu uani, kuku wakazigombania.
"Kuna dereva wa lori alimwambia
kule miezi mitano, sita, mtu anaanika nguo
anaenda zake shamba, wala hatazami juu.
Baba yako hakulala.
Alitaka kwenda kusimama pale.
Kuona mvua inapoishia. Basi."

Basi. Nililitazama lile pengo la weupe.
Kalamu ilikuwa mkononi. Sikulijaza;
kama alikuwa na haya ya kuliandika, haya ni yake.

Kwenye daftari langu palikuwa na koti la mvua, moja.
Nikalifuta.
Nikaliandika tena, maana hadi Makambako
bado nitakuwa nyumbani.

Mama akainuka, magoti yakilia,
akaingia ndani akakaa sana.
Alitoka na kitenge chake cha kijani,
kile ambacho tangu Machi kinanukia moshi
kwa kukaushiwa juu ya mafiga.
"Ukifika, kifue.
Kianike nje, ukae hapo hapo.
Uniambie kimekauka kwa muda gani."

Naongeza kwenye orodha:
kitenge cha mama, kimoja.
Sabuni, kipande.
Vibanio vya nguo, viwili. Vitatu.
Nasikia kule kuna upepo.