Goti la Kushoto

Umeniuliza, Mama Chelang'at, tununue ipi.
Subiri kwanza nishuke. Polepole.
Hivi ndivyo nishukavyo siku hizi: mguu wa kulia,
halafu mikono, halafu huu mwingine
kama mzigo wa mtu niliyeombwa nimbebee.

Tuanze na hii nyekundu tuliyo nayo.
Klachi yake kavu. Sahani moja, na ukaidi.
Samadi ya trela moja ni ndoo kumi na nne,
na kila ndoo ni kukanyaga mara nne:
kuingia lundoni, kutoka, kuifuata trela, kurudi.
Trela kumi kwa siku, mwezi wa tatu, kabla ya viazi.
Piga hesabu wewe uliyesoma.
Mimi nilihesabu kwa goti.

Ukiiachia ghafla, inaruka.
Mwaka wa kwanza niliruka nayo hadi ukuta wa zizi la ndama,
na matofali manne hayajarudishwa mpaka leo. Pengo lile, tazama.
Ndipo nikajifunza kuiachia kama mtu anayefunga mlango
wa chumba alimolala mtoto mgonjwa:
nusu inchi, pumzi,
nusu inchi.
Wapitao barabara ya Molo wakasema, trekta ile laini!
Haikuwa laini.
Laini nilikuwa mimi.

Ya Kirwa, ile ya buluu, ina wenzo chini ya usukani.
Ukiusukuma, mbele. Ukiuvuta, nyuma. Mguu umelala.
Klachi zake nyingi, nyembamba, zinaogelea mafutani,
hazijui harufu hii ya kuungua iliyohamia kwenye shati langu.
Nimeijaribu. Lakini alfajiri, baridi ya Elburgon, mafuta mazito,
unasukuma, kimya,
unasukuma, kimya,
kisha inakumbuka yote kwa mpigo mmoja
na samadi ya ndoo nzima inakuja kukuamkia usoni.
Ikishapata joto, sina neno nayo.

Ya tatu niliiona maonyeshoni Nakuru.
Haina gia. Mafuta yanasukuma mafuta,
pedali mbili tu, ya kwenda na ya kurudi.
Kijana wa kampuni aliweka bilauri ya maji juu ya boneti
akapakia kokoto, na maji yakatikisika kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali.
Nilitaka kuipenda.
Nikamuuliza: na mlima wetu, trela imejaa viazi, tope la Aprili?
Akacheka, akaanza kunieleza rangi zilizopo.
Na Wepukhulu fundi anasema klachi kavu hupona hapa hapa,
siku mbili, spana na matusi;
hii, vumbi likiingia chembe moja, inapelekwa Nairobi
kama mgonjwa wa figo.

Ungeniuliza mwaka jana, ningesema
tubadilishe sahani tuendelee. Bei yake naijua.
Lakini juzi Jerotich wako alipanda,
akataka nimfundishe kuiachia.
Nikasimama kando ya gurudumu.
Nusu inchi, pumzi. Ana kipaji, usimwambie.
Trela ya pili haikuruka hata mara moja.
Nikamsikiliza akienda, akirudi,
nikajikuta nahesabu.
Nilipofika hamsini na sita nikamwambia, zima.
Akadhani amekosea.

Nunua ya wenzo.
Nitakuwa naiwasha mapema ipate joto,
silali sana siku hizi, goti huniamsha kabla ya jogoo.
Na hii nyekundu usiwape wa vyuma chakavu.
Iegeshe pale penye pengo, izibe upepo, ndama wapate usingizi.

Sasa nipe bega, nipande.
Ndoo sita zimebaki,
na wingu lile la Mau halijaja kutusalimia.