Daftari la Mali Isiyo Yangu

Karani aliliita jina langu mara mbili:
Onolina Sanga, dada wa marehemu.
Nikaapa juu ya Biblia iliyolegea jalada,
nikatia dole gumba, ingawa kuandika najua,
maana kalamu ilinikataa vidoleni,
na baridi ya Bulongwa mwezi wa saba haichagui msomi.

"Msimamizi si mrithi," alisema hakimu.
"Wewe hukushika, mama. Umeshikia."

Silabi moja tu imezidi,
na ndani yake wamelala watoto wawili.

Nikaandika:
Misindano ekari tatu, umri miaka tisa.
Ng'ombe jike, pembe ya kushoto imevunjika.
Cherehani, haina mkanda.
Mabati ishirini na sita, hayajaonja msumari.
Deni la Zabroni dukani, elfu kumi na moja na mia tano
(deni nalo ni lake, haliziki).

Koti lake sikuliandika.
Nilikuwa nimelivaa.

Akaja Mahenge wa Makambako na pikapu,
akapapasa mashina
kama mtu apapasaye shingo ya kondoo wa jirani.
"Milioni nne, taslimu, leo."
Nikamwambia mwenye miti ana miaka kumi na minne,
yuko darasani, anajifunza kugawanya.
Akacheka. "Na laki mbili yako, pembeni."
Pembeni wapi?
Shamba hili lina pembe nne,
na kila pembe nimesimika kigingi kwa mkono wangu.

Kaka Eliudi hakulala siku ile.
"Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, Onolina."
Nikamjibu: Kaka, hapa mimi si mbuzi.
Mimi ndiyo kamba.

Jibu hilo lilinipendeza.
Nililitembeza kisimani, nikalitembeza kanisani,
nikalitafuna peke yangu nikipalilia viazi.

Sasa usinisifu.

Mwezi wa pili mwaka huu mwanangu alilazwa Ikonda.
Usiku nikafungua kopo la hela za maziwa,
maziwa ya ng'ombe wao,
nikatoa elfu arobaini. Sikumwamsha mtu.
Nani ningemwamsha? Enea, wa miaka saba?
Viazi vilipotoka nilirudisha,
idadi ile ile, noti nyingine.
Kopo halikusema neno.
Daftari likabaki safi,
na usafi ule ukaanza kuninukia
kama nguo iliyoanuliwa mbichi.

Jana Huruma amerudi likizo.
Amekaa karibu na moto, magoti yamebeba daftari,
midomo inacheza bila sauti, kidole kinashuka mstari kwa mstari.
Nikageuza kuni isiyohitaji kugeuzwa.

"Shangazi, mwezi wa pili maziwa hayakuuzwa?"

Mahakama ile ya kwanza ilikuwa na bendera,
na meza, na mtu wa kusema simameni.
Hii ilikuwa na moshi na sufuria ya makande.
Hii ndiyo niliyoiogopa.

Nikachukua kalamu. Safari hii haikukataa.
Tarehe sita Februari nilitoa elfu arobaini, bila idhini.
Nilirudisha tarehe kumi na tisa Mei.
Sikusema.

Akasoma. Akasoma tena.
Sikumwomba anisamehe,
kwani kumwomba mtoto msamaha kwa mali yake
ni kumkopa mara ya pili.
Akainyoosha mkono, nikampa kalamu,
akaandika chini, kwa mwandiko wa shule wenye mikia:
Nimeona. H. Zabroni Sanga.

Enea alikoroma kidogo nyuma ya pazia.
Nje ng'ombe aligonga ukuta kwa pembe yake nzima.

"Bado koti," Huruma akasema.

Nikaandika: koti moja, la kahawia, vifungo vitatu.
Nikalivua, nikalikunja, nikaliweka mapajani pake.
Likakaa pale muda mrefu,
kijivu kikiota juu ya makaa.

"Livae, shangazi," akasema mwenye koti.
"Kesho kuna sakitu."